Kifungua Kinywa cha Babu Costache

Zamfira Olaru aliwapikia wanaume mia sita kwa miaka thelathini na moja katika kantini ya karakana ya reli hapa mjini Tecuci, na anachojivunia si wingi wao. Anachojivunia ni kwamba sahani zilirudi tupu. Hadithi hiyo naijua neno kwa neno, maana milango yetu inatazamana ghorofa ya tatu, na tangu nilipoacha kazi ya ushonaji kahawa yangu ya asubuhi naipata jikoni kwake. Sasa fikiria mwanamke wa namna hiyo anashindwa kumlisha mtoto mmoja wa miaka minne, tena mwenye mkono usiozidi mwiko. Nilijua mapema kwamba jengo zima litapata taabu.

Mtoto mwenyewe ni mjukuu wake, Ilinca. Baba yake yuko barabarani na lori, leo Austria, kesho Uhispania. Mama yake, Oana, ni muuguzi kule Galați, na zamu zake hazina kichwa wala miguu, kwa hiyo siku za wiki Ilinca anakaa kwa bibi yake na Ijumaa mama huja na treni. Mpaka Novemba walikuwa na babu pia. Costache alikuwa mtu wa reli, mpole, asiyejua kugombana. Alikuwa na kasoro moja tu. Kila alipowekewa chakula alionja, akaweka kijiko chini, akatazama dari kama anayesikiliza treni ya mbali, akasema, "Chumvi haitoshi."

"Muongo!" Zamfira alimjibu, huku taulo la vyombo likiruka. "Kula hivyo hivyo!"

Naye alikula hivyo hivyo, mpaka akapangusa sahani kwa mkate. Hivyo kwa miaka arobaini. Novemba moyo wake ulisimama akiwa amekaa kwenye benchi mbele ya jengo letu, jua limempiga usoni, na kofia yake ya reli bado imetundikwa mlangoni kwa Zamfira mpaka leo.

Arobaini yake tuliisoma Desemba, theluji imefika kwenye vifundo vya miguu. Zamfira alikuwa ameoka mikate ya kusokotwa kapu zima, na kando ya kaburi tuligawa sadaka kama tunavyogawa siku zote: mkate, kikombe na mshumaa mdogo mkononi mwa mtu, na neno lake. "Pokea, iwe kwa roho ya Costache." Anayepokea anajibu, "Mungu amrehemu," kisha anakula. Oana hakuja. Alisema ana zamu, na mama yake alijua kwamba zamu inabadilishwa ukitaka kuibadilisha. Ilinca alikuja. Alisimama saa nzima kwenye baridi bila kulia, kisha akanyoosha mkono kwenye kapu, na Zamfira akaupiga kofi dogo.

"Usiguse! Ukila wewe, babu atakula nini? Kinachomfikia babu ni kile tunachowapa watu."

Nilikuwa nimesimama pale pale. Nilisikia, nikaona ni maneno ya kawaida, nikaendelea kugawa vikombe.

Chekechea ya Ilinca ni ya asubuhi tu na haina jiko. Kila mtoto anakuja na kifurushi chake, na saa nne wanakula pamoja. Zamfira alinunua kisanduku chekundu chenye picha ya nungunungu, akaanza na vitu vyepesi: mkate, siagi, kipande cha jibini. Kisanduku kilirudi kitupu. Akafurahi, akaninyooshea kisanduku usoni kama cheti. Lakini Januari Ilinca alipata mafua makali, akapungua, na mafua yalipoondoka nyama haikurudi. Mchana akifika nyumbani alikula supu kama mtu aliyeokolewa baharini. Mwalimu wao, Camelia, alisema kuanzia saa tano mtoto huweka kichwa juu ya meza na haimbi na wenzake.

Ijumaa moja ya Februari Oana alimwogesha, akatoka bafuni na sura ambayo sikuipenda.

"Mama, nimehesabu mbavu zake zote."

"Anakula! Kisanduku kinarudi kitupu kila siku, muulize Smaranda."

"Kinarudi kitupu," nikasema. Mimi ndiye Smaranda.

Asubuhi yake wakampeleka kwenye mizani ya duka la dawa la pembeni. Kilo kumi na nne kamili. Krismasi alikuwa na karibu kumi na tano. Oana aliwaza njia nzima ya kurudi, na mlangoni, akiipita kofia ya baba yake bila kuitazama kama alivyozoea, akatoa hukumu.

"Mpaka mwisho wa Machi. Asipoongeza nusu kilo, namhamishia kwa mama mkwe. Yuko Galați, nitamwona mtoto kila siku."

"Kwa Lucreția?" Zamfira alishika kiti. "Anayepika supu ya pakiti?"

"Mama, supu ya pakiti inanenepesha kuliko hewa."

Oana alipoondoka, Zamfira alikaa bila kumenya viazi vilivyokuwa mbele yake. Mume ameondoka Novemba, na sasa mjukuu aondoke Machi. Alisema hivyo hivyo, kwa sauti ya chini. Kisha akainuka, akafunga aproni.

"Chakula ni chepesi," akasema. "Ndiyo maana. Tutakitia nguvu."

Ndugu msomaji, kama una mtoto wa chekechea na asubuhi zako ni za mbio, ungekaa jikoni kwa Zamfira mwezi ule ungetoka profesa. Alikuwa na sheria zake za kantini. Chakula cha safari kikae kwenye kiganja cha anayekula. Kisidondoke, kisichuruzike, kisihitaji kijiko. Kitengenezwe maji ya chai yakiwa bado hayajachemka. Na kisanduku kikifunguliwa saa nne, kisinuke mpaka jirani ahame kiti.

Alianza na madonge ya ugali, yale ya jibini ya kondoo katikati, aliyoyakaanga kidogo mpaka yakashika ganda. Akaja na chapati nyembamba za maziwa, amezipaka jemu ya plamu, akazikunja na kuzikata vipande vya kidole. Mkate wa jana aliuchovya kwenye mayai, akaukaanga, akaukata vijiti. Siku nyingine ilikuwa vibonge vya nyama vidogo kama kokwa za jozi, na siku nyingine mkate uliopakwa biringanya na pilipili hoho za kuchoma alizozisindika mwenyewe Septemba. Tufaha alilikata vipande, akavirudisha pamoja likawa tufaha zima tena, akalifunga kwa mpira wa nywele lisigeuke rangi. Hilo la tufaha nakupa bure, lifanye kesho.

Mwonjaji alikuwa mimi. Kila kitu kilipita mdomoni kwangu kabla ya saa moja na nusu.

"Shoga, useme kweli. Mtoto atalipenda?"

"Hata mimi napenda. Niwekee la pili."

"Sikukuuliza kuhusu tumbo lako."

"Tumbo langu ndilo limeajiriwa hapa."

Nusu kilo aliyotakiwa kuongeza Ilinca, mimi niliipata kwa wiki mbili. Yeye hakuongeza kitu. Kisanduku kilirudi kitupu, mtoto alirudi na njaa. Halafu vitu vikaanza kupotea ndani ya nyumba. Vikombe vya plastiki vya pikiniki, vilikuwa kumi na viwili, vikabaki vitatu. Mishumaa ya keki ya siku ya kuzaliwa ikaisha kwenye droo. Zamfira alinitazama mimi.

"Nile mishumaa sasa?" nikamuuliza.

Siku hiyo hiyo tulikutana ngazini na Teofil, mtoto wa ghorofa ya tano, anayesoma darasa moja na Ilinca. Mashavu yake yanafika mahali kabla yake. Akasimama kwa heshima, akavua kofia.

"Shikamoo bibi Zamfira. Kesho unaweka vile vya nyama?"

Zamfira alishika ukuta. Mlango wake ulipofungwa akalipuka. "Umesikia? Anamnyang'anya! Mtoto wangu anakufa njaa, huyu ananiagizia chakula kama yuko hotelini! Kesho namkamata akiwa na kibonge mdomoni."

"Ana miaka mitano, Zamfira."

"Na mikono miwili! Utakuja au huji?"

Ningekosaje? Asubuhi yake, saa nne kasorobo, tulikuwa tumesimama kwenye tope la bustani ya chekechea, chini ya dirisha la darasa, wanawake wawili wenye jumla ya miaka mia moja na thelathini. Zamfira alivaa koti lake la mazishi ili aonekane mtu mzito. Mimi nilishikilia mkoba wake. Tukainua vichwa polepole.

Watoto kama kumi na watano walikuwa wamekaa kwenye viti vyao vidogo, visanduku vimefunguliwa. Teofil alikuwa anakula mkate wake na hakumgusa mtu. Ilinca ndiye aliyesimama. Alifungua kisanduku cha nungunungu, akachukua kibonge cha nyama kwa vidole viwili, akaenda kwa mtoto wa kwanza.

"Pokea, iwe kwa roho ya babu Costache."

"Mungu amrehemu," akajibu yule mtoto, na kibonge kikaenda.

Akaenda kwa wa pili. Kwa wa tatu. Kwa Teofil alimpa viwili, na kikombe kimoja cha plastiki chenye mshumaa wa keki ndani, wa pinki. "Mungu amrehemu," alisema Teofil, kwa uzito wa padri, mdomo umejaa. Darasa zima lilikuwa limezoea. Wengine waliitikia kabla hata hawajafikiwa. Kisanduku kilipoisha, Ilinca alikifunga, akarudi kwenye kiti chake, akakunja mikono, akawatazama wanavyotafuna. Usoni alikuwa ameridhika kabisa.

Nilitaka kucheka, na nikageuka kumwambia Zamfira. Zamfira alikuwa amekaa chini kwenye tope na koti lake la mazishi, mikono imefunika mdomo.

"Ni mimi," akasema. "Smaranda, ni mimi niliyemwambia."

Mwalimu Camelia alitoka kutuuliza kama kuna mtu ameumia. Tulipomweleza alishtuka, maskini. Alidhani Ilinca ana roho ya kugawa, na kwamba kwa kuwa kila mtoto humrudishia kitu, hakai na njaa. Kweli walimrudishia, lakini hakupokea. Aliwaambia, "Hapana, mimi ni mwenye msiba."

Njiani kurudi, Zamfira alimshika Ilinca mkono, akamuuliza polepole kwa nini hali chakula chake.

"Si changu, ni cha babu. Ulisema nikila mimi yeye atakula nini."

"Nilisema siku ile tu, kipenzi. Siku ya arobaini."

"Na siku nyingine hasikii njaa?"

Hapo bibi alijaribu kusema babu ameshiba. Ilinca alimtazama kwa huruma, kama mtu mzima anavyomtazama anayedanganya vibaya, akamkumbusha kwamba yeye mwenyewe Zamfira, kila siku mezani, alikuwa akisema, "Huyu Costache hashibi." Na ni kweli, alisema hivyo. Nilikuwa shahidi.

Siku iliyofuata Zamfira alifunga visanduku viwili, kimoja cha babu, kimoja cha Ilinca, akaeleza vizuri kipi ni cha nani. Vyote viwili vilirudi vitupu. Teofil alituma salamu za shukrani. Kumkataza kabisa, Zamfira hakuweza. Angemwambia nini? Kwamba sadaka haifiki? Yeye mwenyewe anaamini inafika. Kila Jumamosi ya wafu anainuka mapema kukanda unga kwa sababu anaamini. Tulikaa jikoni, kahawa imepoa, zimebaki wiki mbili na siku kadhaa kufika mwisho wa Machi, na mimi nilikuwa nimechoka na nina njaa, jambo ambalo hunifanya niwe mkali.

"Basi mpe na yeye sadaka," nikasema, "tuone kama ataikataa!"

Nilisema kwa hasira tu. Zamfira aliweka kikombe chini.

"Rudia."

"Nini?"

"Shoga, wewe una akili kuliko unavyoonekana."

Asubuhi yake hakutumia kisanduku kabisa. Aliviringisha chapati yenye jibini na bizari kwenye leso safi, tukaenda watatu mpaka chekechea. Ilinca aliingia getini kama kawaida. Zamfira alibaki nje, akafunga geti katikati yao, maana kwetu sadaka ya jirani hupitishwa juu ya geti, akamwita.

"Ilinca! Njoo."

Mtoto alirudi. Zamfira alipitisha leso juu ya geti kwa mikono miwili.

"Pokea, mjukuu wangu. Iwe kwa roho ya babu yako Costache."

Ilinca aliitazama ile leso muda mrefu. Alikuwa anawaza, unaona kabisa kipaji cha uso kinafanya kazi. Hajawahi kupewa. Siku zote amekuwa upande wa kutoa.

"Mungu amrehemu," akasema hatimaye.

"Na aliyepokea anafanya nini?"

"Anakula."

"Asipokula?"

"Haimfikii." Akashtuka na jibu lake mwenyewe. Akafungua leso haraka, akala pale pale getini, amesimama, kwa bidii ya mtu aliyechelewesha kazi. Hakubakisha hata punje ya jibini kwenye leso. Mimi na Zamfira tulitazama kila tonge likishuka. Nilitamani kupiga makofi, na nakiri kwamba nilipiga.

Tangu siku hiyo geti lile likawa meza. Madonge ya ugali, vijiti vya mkate wa mayai, tufaha la mpira wa nywele, vyote vilipita juu yake na vyote vililiwa. Sikukuu ya Mashahidi Arobaini, tarehe tisa, siku ambayo kwetu hugawiwa mikate ya asali, ilikuwa imepita kabla ya watoto wa darasa lake kupata ya kwao, kwa hiyo Zamfira aliwaokea baadaye, mikate midogo ya asali kumi na mitano, ili wasione babu amewasahau. Teofil alipewa miwili. Saa tano Ilinca alianza kuimba na wenzake, tena kwa sauti ambayo Mwalimu Camelia aliiita "ya kutosha kabisa".

Alhamisi ya mwisho ya Machi Oana alichukua ruhusa akaja. Zamfira na Ilinca walimpokea stesheni, wakaenda moja kwa moja hadi duka la dawa. Kilo kumi na nne na gramu mia sita. Zamfira alijishika kifua, lakini Oana hakutabasamu.

"Nimeshamwambia mama Lucreția atayarishe kitanda," akasema. "Kesho nampeleka mwenyewe chekechea, nizungumze na mwalimu. Ndipo nitaamua."

Asubuhi Zamfira alichovya mkate kwenye mayai, akaukaanga, akafunga leso, akamkabidhi binti yake bila maelezo. Nilimvuta pembeni.

"Hujamweleza ya getini?"

"Tangu tumzike baba yake hajalitaja jina lake mbele yangu. Nikimweleza atakimbia. Mwanawe atamweleza. Nenda nao, mimi magoti yameisha."

Magoti yake hayana tatizo lolote, lakini nilienda. Ilinca aliingia getini, akalifunga mwenyewe, akageuka, akasubiri. Oana alimpa leso na kumuaga. Mtoto hakuipokea.

"Mama, sema."

"Niseme nini?"

"Sema ni ya nani. Usiposema ni mkate tu."

Oana alinitazama. Mimi nilitazama viatu vyangu, nikamwambia kwa sauti ndogo maneno yanayosemwa na kwa nini yanasemwa, tangu siku ya arobaini mpaka ile leso ya kwanza. Nilifupisha, jambo ambalo si kawaida yangu. Watoto wengine walipita na mama zao. Leso ilikuwa bado hewani, na Ilinca alikuwa bado anasubiri, mikono nyuma.

"Pokea," alisema Oana. "Iwe kwa roho ya... ya baba."

"Ana jina," akasema Ilinca.

"Ya Costache." Akalirudia jina. "Ya baba yangu, Costache."

"Mungu amrehemu."

Ilinca alifungua leso. Kilikuwa kijiti cha mkate wa mayai, bado cha moto. Aliuma, akatafuna, akashusha mkono. Kisha akainua uso, akatazama juu kama anayesikiliza treni ya mbali.

"Babu anasema chumvi haitoshi."

Oana alilishika lile geti kwa mikono miwili. Alicheka na kulia kwa wakati mmoja, kwa sauti, bila kujali anayepita, na miezi mitano yote ilitoka pale. Nilimshika mgongo, na mimi pia sikuwa na hali nzuri. Alipopata pumzi alimega kipande kidogo kwenye mkono wa mwanawe, akakionja taratibu.

"Muongo," akasema. "Chumvi ipo. Mwambie ale hivyo hivyo, na Jumatatu bibi yako atamletea nyingine."